Meno ya Denzil

Msiniambie habari za Chuo Kikuu. Kila nikipita barabara kuu nikaliona lile bango lao, "Tunaihudumia Jamii Yetu," natamani kusimamisha gari nishuke na shoka. Watu wananiambia, Wilda, msamehe, umri umekwenda. Thubutu! Nisikilizeni kwanza, halafu mniambie kama hasira yangu ni ya bure.

Mume wangu, Denzil Starcher, alikuwa manju wa dansi. Hapa kwetu milimani West Virginia, harusi bila manju ni chakula cha jioni tu. Fidla inalia, watu wanajipanga wawili wawili, na manju anasimama jukwaani akiwaamrisha kwa mdomo: wanaume kushoto, mzungushe wako, mwache, mshike wa jirani, mrudishe kwa mwenyewe kabla hajanuna. Anasema upesi, kwa mapigo, neno halimponyoki, maana akibabaika kidogo tu watu wanagongana vichwa. Denzil hakuwahi kubabaika. Hata mimi alinipata hivyo hivyo. Alinizungusha kwa maneno ukumbi mzima mpaka nikajikuta nimesimama mbele yake, nikasema haya, basi.

Mwaka juzi moyo wake ukaanza kuchoka. Daktari wa moyo, kule hospitali ya Chuo, akasema kuna vali imechakaa, itabidi ibadilishwe. Lakini kwanza meno mabovu yang'olewe yote, yasije yakapeleka uchafu kwenye moyo. Upasuaji ukapangwa mwezi wa kumi na moja.

Kliniki ya meno ni ya Chuo hicho hicho. Wanafunzi ndio wanaotibu, walimu wanawasimamia. Sisi watu wa mabondeni tumekuwa vitabu vyao miaka yote. Ukiona mtu wa kwetu ana pengo, jua kuna daktari mahali fulani alifaulu mtihani. Hatukulalamika, maana vijana wenyewe walikuwa na adabu, na palikuwa na desturi moja nzuri. Mwanafunzi akikaribia kuhitimu, alimshika mkono anayemfuata akamleta mpaka kwenye kiti chako. "Huyu ndiye Mzee Denzil. Fizi za kushoto zinamuuma upesi, na ukimruhusu aanze hadithi hamtamaliza leo." Mnacheka, mnapeana mikono, kazi inaendelea. Hakuna aliyekuwa akiachwa mdomo wazi.

Denzil aliangukia mikononi mwa binti mmoja aitwaye Mehreen, mpole, anayeomba radhi kila anapogusa sindano. Akayang'oa meno yote, maana hapakuwa na zima. Fizi zilipopona akachukua vipimo, akamjaribisha meno ya nta, wakatazamana kwenye kioo kama watu wanaochagua kofia. "Ya kweli yakitoka karakana tunakuvalisha, mzee. Harusi ya mjukuu wako utaiongoza na meno mapya." Mjukuu wetu Kenzie alikuwa aolewe mwanzo wa Oktoba, na alikuwa amemwambia babu yake tangu ana miaka sita kwamba hataolewa bila yeye jukwaani.

Sasa, majira hayo hayo ya kuchipua, Chuo kikaleta mfumo mpya wa kompyuta. Wakauita Daraja. Tulialikwa ukumbini tule sandwichi na kuelezwa. Bwana mmoja, Whitaker, mkuu wa mfumo, amevaa suti na raba nyeupe, akatwambia kwamba meno, moyo, dawa, kila kitu kitakuwa mahali pamoja. "Mgonjwa hatahitaji tena kumjua mtu," akasema. "Mfumo utamjua yeye." Watu wakapiga makofi.

Denzil akaniinamia sikioni. "Na mfumo ukinisahau, nimuulize nani?"

"Nyamaza, mzee, kula sandwichi."

"Nile na nini, mke wangu?"

Mehreen alihitimu mwezi wa tano akaenda zake Texas. Hakuna aliyemshika mtu mkono. Kukabidhiana nako kulikuwa kazi ya Daraja sasa. Na Daraja lilikuwa limempa binti alama zake zote siku ile ya meno ya nta, kesi ikaandikwa imekamilika, ikafungwa. Meno yenyewe yalipotoka karakana hayakuwa na mwenyewe.

Sisi hatukujua. Tulikaa kiangazi kizima tukingoja kuitwa. Nikipiga simu naambiwa na mashine nibonyeze moja, nibonyeze nne, kisha inaniaga. Denzil akawa anakula maharage niliyoyaponda na mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye maziwa. Jioni alikuwa akienda bandani kujizoeza maneno ya dansi, na maneno yakimtoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Siku moja nikamsikia ameacha katikati. Hakurudi bandani tena. Kenzie, mtoto wa watu, kwa nia njema kabisa akasema wanaweza kutumia manju wa kwenye simu, ameshamsikiliza, si mbaya. Babu yake aliinuka mezani akatoka nje bila kufunga mlango.

Nikasema potelea mbali, tunakwenda wenyewe.

Mapokezi tulimkuta Twila Casto, binti wa binamu yangu, aliyekaa kwenye meza ile tangu ujana wake. Nikamwambia, "Twila mwanangu, meno ya mzee yako wapi?"

Akatazama kompyuta. "Shangazi, hapa inasema mzee amekamilika."

"Amekamilika? Denzil, hebu fungua mdomo." Denzil akafungua. "Haya, mtazame alivyokamilika."

Twila akaziba kicheko kwa mkono, akaenda kabatini, akarudi na kikasha cha plastiki chenye jina la Denzil. Nikayaona meno. Mazuri, si meupe kupita kiasi, kama ya mtu aliyekunywa kahawa maisha yake. Nikanyoosha mkono. Twila akavuta kikasha nyuma.

"Siwezi, shangazi. Kila kikasha kinasomwa na mashine kikitoka. Mwenzangu alitoa kimoja bila mfumo kukubali, leo hana kazi. Na mfumo haumpi kitu mtu ambaye kesi yake imefungwa."

"Ifungue."

"Anaifungua mwanafunzi aliyeifunga."

"Si yuko Texas!"

"Ndiyo hivyo."

"Mpe mwanafunzi mwingine."

"Mwingine hapati alama kwa meno yaliyokwisha tengenezwa. Daraja halimpangii."

"Sasa mnayaweka ya nini? Mtayavaa nyinyi?"

"Baada ya mwaka yanatupwa," akasema, na macho akayaweka chini.

Ala! Nilitaka kuruka meza. Nadhani Twila aliliona hilo usoni mwangu, maana alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Kuna njia moja tu. Mgonjwa akifariki, vitu vyake hukabidhiwa jamaa. Hiyo mfumo unaruhusu."

Denzil, aliyekuwa kimya muda wote kwa kuuonea haya mdomo wake, akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Basi niue," akasema.

"Mzee, usifanye mzaha."

"Mzaha gani? Nimekula uji kiangazi chote, nusu nimeshakufa. Malizia, binti yangu, harusi ni Jumamosi hii."

"Una hakika utamrudisha?" nikamuuliza Twila.

"Jumatatu asubuhi, shangazi, kabla ya kahawa. Ni kitufe tu. Tangu zamani hapa tukikosea tunafuta, tunaandika upya."

Akabonyeza. Akaniuliza uhusiano wangu na marehemu, nikasema mke, na marehemu akanifinya kiuno. Kisha kompyuta ikamwelekeza cha kusema, naye akakisema: "Poleni sana kwa msiba." Tukacheka wote watatu hadi mtu wa nyuma akatutazama vibaya.

Meno mapya hayakai kinywani siku ya kwanza. Yanabana, yanachubua, na daktari huyapunguza kidogo kidogo hadi yakubali. Lakini marehemu hapewi miadi. Denzil alikwenda bandani akachukua tupa nyembamba ya kunolea msumeno, akaketi juu ya gogo akasugua, akajaribu, akatema damu, akasugua tena. Nikamwambia aache. Akanijibu, "Wilda, nimeua mtu kwa ajili ya meno haya. Nitayavaa."

Hayawi hayawi, yakawa. Ukumbi wa zimamoto, tunakofanyia harusi zote hapa kwetu, ulijaa hadi mlangoni. Denzil akapanda jukwaani na shati lake jeupe, akasubiri fidla, akafungua kinywa, na maneno yakatoka yote, makali, kila moja mahali pake. Wanaume kushoto! Mzungushe wako! Kenzie alikuwa akizunguka na gauni lake huku akilia na kucheka. Mimi nililia tu. Kila dansi ilipokwisha Denzil aligeukia ukutani akaweka leso mdomoni. Nilizifua leso zile mwenyewe siku ya pili, najua zilivyokuwa. Hakuna mwingine aliyejua, na hakuacha hadi watu walipochoka wao.

Jumatatu, kabla ya kahawa, Twila alijaribu kumfufua. Haikuwezekana. Kitufe cha kuua kilikuwa mezani pake; cha kufufua hakikuwapo. Na Daraja, kama walivyojisifu, lilikuwa limeunganisha kila kitu. Kifo kilishavuka kutoka kwenye meno kikafika kwenye moyo na kwenye dawa. Miadi ya upasuaji ilikuwa imefutwa, nafasi imepewa mtu mwingine. Twila alisema ukweli wote kwa wakubwa wake. Wiki ile ile wakamwondoa, na pale alipokuwa akikaa pana kioo cha kompyuta unachokigusa kwa kidole.

Nikampigia Whitaker mpaka nikampata.

"Pole sana kwa kufiwa, mama," akasema.

"Sijafiwa! Yuko hapa jikoni anatafuna tufaha!"

"Basi aingie kwenye akaunti yake athibitishe kwamba yupo."

"Akaunti mmeifunga."

"Ndiyo, mama. Kwa usalama wa marehemu."

Denzil akaninyang'anya simu. "Bwana wee, marehemu mwenyewe ndiye anayesema!"

"Bwana, ningependa kukusaidia. Lakini siruhusiwi kuzungumzia habari za marehemu na mtu ambaye hajathibitishwa."

Tulikwenda kwa daktari wa moyo ana kwa ana. Alimpokea kwa mkono, akamsikiliza kifua, akakunja uso. Alijua vizuri kwamba yu hai, na alijua vizuri hana muda. Akaandika barua, akapiga simu mbele yetu, akagombana na mtu. Lakini chumba cha upasuaji hakipangwi bila Daraja, na Daraja lilikuwa na jibu moja: linashughulikiwa. Tukajaribu hospitali ya jimbo jirani. Wakasema watampokea mara tu rekodi zake zitakapofika. Rekodi zilikuwa kwenye Daraja, zimefungwa pamoja na mwenyewe.

Denzil aliendelea na mzaha wake. Kanisani kwenye chakula cha pamoja anasema, "Mpeni marehemu mkate." Watu wanaanguka kwa kicheko. Mimi kufika Krismasi nilikuwa siwezi tena kucheka, maana nilikuwa namsikia anavyohema akipanda ngazi tatu za barazani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kila niliyempigia simu alikuwa mwema, ana sauti tamu, ananiambia ni kipindi cha mpito tu. Nilimuuliza mmoja, kupita kwenda wapi? Akasema atayaandika hayo kama maoni yangu.

Alikufa mwezi wa pili, asubuhi, akivaa viatu barazani aende kuleta kuni. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa kamba. Meno yalikuwa kwenye mfuko wa shati, alikuwa akiyaweka humo mpaka wakati wa kula. Mwenye nyumba ya kuandalia maiti akaniuliza kama nataka avishwe hayo meno, nikasema ndiyo. Yalimkaa vizuri kabisa. Ile tupa ilikuwa imeyafikisha.

Kenzie alizungumza mazikoni. Fidla ilipigwa, hakuna aliyecheza.

Baada ya wiki nikapiga simu Chuoni. Sikutaka ugomvi, haki ya Mungu sikuwa hata na nguvu za ugomvi. Nilitaka tu kufanya lile ambalo mjane hufanya, kutoa taarifa, kisha nikae nalo. Akapokea binti mwenye sauti changa. Nikamwambia jina, nikamwambia, mume wangu amefariki. Nikasikia anabonyeza bonyeza.

"Starcher, Denzil," akasema. "Ah, hiyo tunayo, mama, tangu Septemba. Huna haja ya kufanya lolote."