Mama Mkwe Ndani ya Kishikwambi

Mwalimu wa sayansi wa darasa la tano aliitwa Radi, na jina hilo hakuliokota njiani. Akisema "Kaeni!" darasani kwake, hata darasa la ng'ambo ya uwanja lilikaa. Lakini sauti peke yake si somo. Alikuwa na mtoto asiyeona herufi ndogo hata ukimsogezea kitabu puani. Alikuwa na Treni, aliyemaliza kazi wenzake wakiwa bado wanachonga penseli, kisha akageuka kero. Na alikuwa na Kimya, msichana aliyesoma kwa kusuasua, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kunyoosha kidole kuuliza chochote.

Basi vishikwambi vilipoletwa shuleni, Radi alivipokea kwa mikono miwili. Somo lile lile liliweza kushonwa kwa kipimo cha kila mtoto: huyu akuziwe herufi, Treni apewe maswali ya kumkalisha kitako, Kimya asomewe kwa sauti. Kasoro ilikuwa moja. Sauti iliyokuja na mashine ilisoma kama hakimu anayetoa hukumu. Radi akaamua kurekodi mwenyewe.

Nyumbani, mahali palipokuwa na utulivu ni jikoni, na jiko lilikuwa na mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anasugua masufuria, maji yakichemka pembeni.

"Mama, naomba tunyamaze kidogo. Narekodi somo."

"Kwani mimi nina neno gani?"

Radi akawasha simu kurekodi, akaanza. "Jua hupasha maji joto, yakageuka mvuke. Mvuke hupanda juu..."

"Unapandaje, una miguu?"

"Mama!"

"Si nauliza tu, mwanangu! Ndoo moja inanivunja mgongo. Maji yote hayo yanapandaje?"

Mkwe ni mkwe. Radi akashusha pumzi, akamweleza kwamba joto huyagawa maji kuwa chembe ndogo mno, nyepesi kuliko vumbi. Huko juu kuna baridi, basi chembe zinashikana tena, zikizidi uzito zinaanguka.

Mama mkwe akafunua sufuria, akatazama matone yaliyoning'inia kwenye mfuniko. "Kama haya?"

"Hayo hayo!"

"Kumbe mawingu ni mfuniko unaovuja! Si ungesema tangu mwanzo?"

Radi akarekodi upya, safari hii bila mchango wa mtu. Asubuhi, mbio mbio, akaingiza somo kwenye vishikwambi, watoto wakavaa spika za masikioni. Mwalimu mkuu naye akapita kuona jinsi vifaa vipya vinavyofanya kazi.

Kikasikika kicheko. Kikafuata kingine. Mara darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu," Treni akauliza, "una miguu?"

Radi akatazama mashine yake. Alikuwa ameingiza ile rekodi ya kwanza.

Mwalimu mkuu akachukua spika, akasikiliza kwa makini. "Huyu mtaalamu wa pili ni nani?"

"Ni... mama mkwe."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakimbilia mashine kufuta, na hapo kidole kikanyooka. Cha Kimya.

"Mwalimu, usimfute bibi."

"Kwa nini?"

"Hata mimi nilitaka kuuliza yanapandaje. Niliogopa kuchekwa." Kisha akalieleza somo lote bila kusuasua, kuanzia joto hadi mfuniko, akaongeza: "Na upepo ukivuma, mfuniko unahamia kwa majirani?"

Radi alifungua kinywa, radi isitoke. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema, "Futa ile nyingine."

Habari zilipofika nyumbani, mama mkwe hakuficha meno. Jioni ya somo lililofuata alimkuta Radi jikoni na simu mkononi. Mama huyo alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusini na hereni, ingawa aliambiwa mara nyingi kwamba ni sauti tu.

"Leo ni umeme, mama. Nikieleza, wewe uliza kama siku ile."

"Niulize mimi?" Mama mkwe akajiweka sawa kitini. "Mimi sasa ni mwalimu. Uliza wewe."

Radi akamwelekezea simu. Heshima ni kitu cha bure. "Haya, mama. Umeme ni nini?"

Mama mkwe akakohoa kusafisha koo, akasogeza mdomo karibu na simu.

"Umeme," akasema polepole, watoto wapate kuandika, "ni kitu kinachokatika."