Filta ya Honi

Kuna watu wanaojua magari, na kuna Muindi. Aliuza viatu vya mitumba pale Kambu, na ujuzi wake wa magari uliishia kwenye kufungua kifuniko cha tangi. Lakini kwenye kundi la WhatsApp la wapenda magari makuukuu, watu mia mbili walimwita Injinia, kwa sababu hakuna aliyemshinda kutunga vipuri visivyokuwepo. Ndiye aliyewashauri wenzake wabadilishe hewa ya magurudumu mvua zikianza, eti ile ya kiangazi imeshakauka. Ndiye aliyesema radieta ipewe maji yaliyochemshiwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ili gari lipate nguvu za kupanda milima. Na ndiye baba mzazi wa filta ya honi, ambayo isiposafishwa kila wiki, alisema, gari hupatwa na kikohozi.

Kundi lilivunjika mbavu. Shida ya mzaha wa simu ni kwamba hutumwa mbele, na huko mbele hakuna wa kuueleza.

Jumamosi moja Muindi aliingia Matiliku na Kalondu, pikapu yake kongwe, akiwa amebeba mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kuhalalisha ndoa. Mbuzi hao wasipopokewa na baba yake Nduku, mchumba wake, basi Nduku si mke wake, hata waishi pamoja mpaka meno yawaishe. Kwa hivyo alivaa koti, akamleta mjomba wake Mutisya awe msemaji, na akaapa kufunga mdomo.

Mbuzi waliteremshwa, wageni wakaketi, chai ikakawia. Walipomaliza kuinywa, Mzee Nzioka, baba yake Nduku, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa asiyejulikana kwa mzaha, alimwita Muindi nje, akafungua boneti ya gari lake.

"Nduku anasema unajua magari sana. Hebu angalia hii."

Honi ilikuwa imevishwa kipande cha sponji, kikakazwa kwa waya.

"Filta ya honi," mzee alisema. "Nimeitafuta miezi minne. Kambu hakuna, Wote mjini hakuna. Nikaipata Malili, ile ya mwisho dukani. Niambie ukweli, ni genuine?"

Muindi aliinama kukitazama kile kipande. Akisema ndiyo, ataanza ukwe kwa uongo. Akisema siyo, wale mbuzi watapanda pikapu tena. Aliogopa kwelikweli, na akajichukia, maana hata katikati ya hofu hiyo alitamani kupiga picha aitume kwenye kundi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho kwenye boneti ya mkwewe.

"Baba, hakuna kitu kama hiyo. Ni mimi niliitunga. Nilikuwa nachekesha watu."

Mzee Nzioka alifunga boneti polepole.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Hiyo kitu naiosha na sabuni kila Jumamosi. Hata leo."

"Pole sana, Baba."

"Na ile ya muthokoi kwa radieta?"

"Hiyo pia ni yangu."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akamtazama Kalondu aliyeegeshwa langoni.

"Hiyo sijaijaribu kwa gari yangu, niliogopa. Lakini leo nikasema, muthoni, mkwe wangu, ametoka mbali na mzigo, wacha nimtendee wema. Ndiyo maana chai ilichelewa. Mama Nduku alikuwa anachuja."

Muindi alikimbia, akafungua radieta. Maji yalikuwa meupe na mazito, na punje moja ya mahindi ilielea juu. Alicheka mpaka akaketi chini na koti lake, huku machozi yakimtoka. Nyuma yake alisikia kicheko kingine, kikavu, cha mtu aliyekuwa hajakitumia siku nyingi.

"Na mbuzi wangu, Baba?" aliuliza kwa woga.

"Mbuzi wako gani? Hao ni wangu."

Waliisuuza radieta mara tano, mkwe akishika ndoo, mzee akimimina. Alasiri Kalondu aliwaka, na Muindi, kwa furaha, akapiga honi ya kuaga. Ikatoka sauti ya kukwaruza.

Mzee Nzioka aliinamia dirisha, uso mkavu kama wa kanisani.

"Hiyo honi inakohoa," alisema, na akamtia mkononi kile kipande cha sponji, kingali kibichi, kikinukia sabuni.