Mgiriki wa Kiti cha Nyuma

Lamara alinunua tiketi ya safari ya siku moja, ngome na mvinyo, kwenye kibanda cha watalii katikati ya Tbilisi, na alipoulizwa anatoka wapi akajibu Ugiriki. Hakusema uongo. Miaka kumi na minane alikuwa akiishi Thesaloniki, akiwaogesha wazee wa watu, akiwalisha, akiwafumba macho wanapofariki, kisha akihamia nyumba nyingine kuanza upya. Alichoficha ni kwamba alizaliwa hapa hapa Georgia, na kwamba msichana atakayewaongoza watalii siku hiyo, Tekle, alikuwa binti yake wa kumzaa.

Alikuwa amerudi kwa likizo fupi, nayo ilikuwa inayoyoma. Tekle alimpokea vizuri. Alimpisha kitanda, akamnunulia lile jibini la chumvi alilokuwa akilililia kwenye simu, akamwuliza habari za magoti yake. Ila kila alfajiri alitoka kwenda kazini, na jioni alirudi amechoka kusema, maana kusema ndiyo kazi iliyompa mkate. Maneno yake yote mazuri yaliishia kwa wageni. Lamara akawaza: basi na mimi nitakuwa mgeni. Walau siku moja nimtazame nishibe.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Keshokutwa alikuwa na ndege ya kurudi kwa bibi kizee aliyekuwa akimtunza Thesaloniki. Lakini moyoni alikuwa ameshakata shauri: Tekle akitamka neno moja tu, "Baki," atabaki. Kuuliza mwenyewe hakuthubutu. Mtu aliyemwacha mtoto wa miaka saba kwenye stendi ya basi hana uso wa kurudi na kuuliza kama bado anatakiwa.

Asubuhi, Tekle alikuwa amesimama kando ya kibasi akiwakaribisha wageni kwa Kiingereza. Alipomwona mama yake akija na miwani yake ya jua, tabasamu lilimganda usoni.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kutalii. Nimelipa kama mtu mwingine."

Tekle alitupa jicho kwa wageni, kisha akairekebisha skafu yake, ingawa haikuwa imekaa vibaya. "Haya. Basi kaa kama mtu mwingine."

Gela, dereva, alitoa kichwa dirishani. "Huyo naye wa wapi?"

"Mgiriki," alisema Tekle. "Anakaa nyuma."

Njia nzima ya kupanda milima Tekle alizungumza kwenye kipaza sauti, na Lamara akamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Kiingereza cha Lamara kilikuwa cha kwenye maboksi ya dawa. Alidaka "vita", akadaka "zabibu", akadaka "malkia". Wageni walipocheka naye alicheka, amechelewa kidogo. Mzee mmoja Mholanzi, mwenye masikio makubwa na maswali mengi, aliuliza jambo, na Tekle akamjibu huku amekunja mguu mmoja chini yake kitini, vile vile alivyokuwa akikaa utotoni akila uji. Lamara aligeuza uso dirishani.

Kipaza sauti kilipozimwa, Gela alianza porojo kwa lugha yao.

"Dada, ndugu yangu Zura amekwambia? Tumekubaliana nguruwe wawili."

"Mmoja anatosha."

"Harusi ya nguruwe mmoja hiyo ni kikao cha shule. Wawili. Oktoba, tukishavuna, nguruwe atakuwa amenona, na bwana harusi amekonda kwa wasiwasi."

Lamara alishika kiti kilichokuwa mbele yake. Harusi. Oktoba. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha binti yake usiku baada ya usiku, na neno hilo halikutajwa.

"Na mama yako?" Gela aliendelea. "Atakuja, au atatuma boksi?"

Tekle aliokota kipaza sauti.

"Nauliza tu, usininunie. Mama mkwe wa Zura tumemwona kwenye simu tu. Kijijini wameanza kusema huenda ni picha."

Tekle alikiwasha na kuanza kuwaeleza wageni habari za ule mlima, ingawa alikuwa ameshawaeleza. Lamara alijiinamia. Maboksi aliyatuma kweli, kila mwezi, kwa mabasi yanayopitia Uturuki: mafuta ya zeituni, viatu vilivyokuwa vidogo kwa namba moja kila mara, kwa kuwa mguu wa mtoto hukua boksi likiwa njiani.

Ngome ilikuwa juu ya kilima, na bonde la Alazani limetandazwa chini yake. Kupanda mnarani kulikuwa na ngazi ya mawe iliyojipinda, nyembamba, giza tupu, na vidato vyake vimelika katikati. Tekle alitangulia, akasimama mahali pabaya kuliko pote, pale kidato kimoja kilipokosekana, akawa anawapa wageni mkono mmoja mmoja. Alimpa Mholanzi. Aliwapa mke na mume wa Kipolandi. Kisha giza likatoa mkono wake tena, na Lamara akaushika.

Ulikuwa mkono mkavu, wenye nguvu, wenye ngozi ngumu kwenye kidole cha shahada. Toka siku ya uwanja wa ndege hawakuwa wamegusana. Lamara alitafuta kidato kwa mguu, akakipata, akajifanya hajakipata.

"Polepole," alisema Tekle kwa Kiingereza.

"Polepole," alirudia Lamara.

Kidogo zaidi. Kisha nyuma yake mtu akakohoa, na mkono ukaenda kwa mwingine.

Adhuhuri walifika kwa Jumber, mwenye shamba la mizabibu. Aliwaonyesha chumba ambacho mitungi yake mikubwa ya udongo ilikuwa imezikwa ardhini hadi shingoni, kila mmoja na kifuniko cha jiwe, na mvinyo umelala ndani kama mbegu. Alizungumza Kigeorgia, Tekle akafasiri, na alipomtajia kila mgeni anakotoka, Lamara akawa Mgiriki tena. Gela alibaki jikoni na mke wa Jumber, ambako nyama zilikuwa zikichomwa kwa makaa ya matawi ya mizabibu.

Kisha wakaketi mezani. Mikate ya jibini, mabilingani yaliyojazwa kokwa za jozi zilizosagwa, mikate mirefu iliyotoka tanurini na kuunguza vidole. Jumber mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa meza, na aliwaambia sheria zake akicheka, ila hakuwa na mzaha.

"Wageni wangu, hapa hanywi mtu kabla sijasema ninamnywea nani. Na hasemi mtu nisipompa neno. Nikisema 'alaverdi' na nikakutaja, neno ni lako, na hapo hata uwe bubu utasema."

Mholanzi aliuliza kama mtu anaweza kunywa kimya kimya kwa sababu ya kiu.

"Mwambie kiu ni ya maji," alijibu Jumber. "Mvinyo ni wa maneno."

Waliinywea amani. Waliinywea ardhi na wageni walioikanyaga. Lamara alikaa mwisho wa meza, kimya, akisubiri tafsiri ya Tekle kama wengine, akiinua bilauri baada ya kufasiriwa, ingawa alikuwa ameshaelewa. Kisha Jumber akasimama, akateremsha sauti.

"Tuwanywee waliotangulia. Wale waliotupikia, wakatuvisha, wakatulea, leo wako chini. Mungu awape nuru."

Tekle alifasiri. Wageni wakanywa kwa heshima. Na Lamara, kabla hajajijua, akachukua kipande cha mkate, akakidondoshea mvinyo, tone kwa tone, midomo yake ikitembea. Alikuwa mbali. Alikuwa kwenye kaburi la mama yake, ambalo alilifikia udongo wake umeshaota nyasi. Maana mwaka aliofariki, Lamara hakuwa na karatasi za kukaa Ugiriki, na angetoka asingerudi, na asingerudi Tekle angelipiwa shule na nani? Mama huyo, Bibi aliyemlea Tekle, alizikwa na majirani.

Alipoinua macho, Jumber alikuwa akiutazama mkate wake. Mgeni hafanyi vile. Mgeni hunywa tu.

"Dada," Jumber alisema kwa lugha yao, "umemdondoshea nani?"

Ulimi ulitangulia akili. "Mama yangu."

"Aa." Jumber aliketi, akatabasamu nusu. "Mgiriki gani huyu anayezika kwa Kigeorgia? Tangu mfike unakaa kwetu kama jasusi, unatuacha tunahangaika na tafsiri. Msichana, wewe ulijua?"

Tekle alikuwa akichuma majani ya kotimiri kutoka kwenye tawi, moja moja, akiyapanga kando ya sahani. "Nilijua ni mgeni," alisema.

"Basi leo si mgeni tena." Jumber alijaza mvinyo kwenye pembe yake ya kunywea, akasimama, na watu wote wakasimama. "Nawanywea akina mama na watoto wao. Sitasema mimi. Alaverdi kwako, dada."

Bilauri zilikuwa juu. Lamara alisimama akishika meza. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amesema lugha ya watu, tena ya kuamrisha wagonjwa: geuka, meza, fumba. Sasa aliona midomo yote ya wageni imefungwa ikimsubiri, na binti yake amesimama upande wa pili, tayari kwa kazi.

"Nina binti mmoja," alisema.

"Nina binti mmoja," Tekle alifasiri kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile ya kuelezea minara.

"Nilimwacha akiwa na miaka saba. Nilisema ni kwa mwaka mmoja."

"Nilimwacha akiwa na miaka saba," Tekle alisema. "Nilisema ni kwa mwaka mmoja."

"Nimewanawisha wazee wa watu uso kila asubuhi, nikawa nawaza nani anamwosha wangu. Leo ni mtu mzima. Anafanya kazi nzuri. Nimemwangalia akifanya kazi, na sikuelewa anachosema, lakini watu wote walimsikiliza."

Tekle alifasiri. Sauti yake iliyumba kwenye neno la mwisho, akalisema mara ya pili.

"Anaolewa. Nimesikia kwa mtu mwingine, na sawa, ni haki yake. Keshokutwa naondoka. Nilitaka nisikie kama yeye angependa nibaki. Ni hilo tu. Tuwanywee watoto."

Tekle alifasiri hadi mwisho, hakuruka neno. Mama wa Kipolandi alikuwa akipangusa macho. Mholanzi, aliyekuwa bado ameinua bilauri, akauliza kitu, na Tekle akamgeukia mama yake.

"Anauliza binti yako anasemaje."

"Sijui. Sijamwuliza. Namwogopa."

Hilo Tekle hakulifasiri. Aliitazama meza, kisha akamtazama mama yake usoni, kwa mara ya kwanza toka asubuhi.

"Binti hawezi kukwambia ubaki," alisema kwa lugha yao, taratibu. "Alishakwambia. Pale stendi. Alishika mkanda wa begi lako akasema baki, baki, mpaka Bibi akaja kumfungua vidole. Ukapanda basi. Jambo kama lile mtu haombi mara mbili."

Jumber alimtazama huyu, akamtazama yule, na pembe ikatulia mkononi mwake.

Lamara aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka mvua, mlango wa basi uliokwama, na namna alivyojikaza asitazame nyuma. Kilio alikikumbuka. Lakini neno ndani ya kilio hakulisikia. Alikuwa ameziba masikio ya moyo ili aweze kuondoka. Kumbe neno aliloliogopa kuliomba alishapewa, likakaa pale stendi miaka yote likimngoja.

"Nalijibu sasa," alisema. "Nabaki."

"Umechelewa."

"Najua."

"Sina chumba kingine. Na Zura hakujui. Na mimi mwenyewe sijui kama nitaweza... sijui nitakuzoea vipi."

"Usinizoee. Mimi nitakuwepo tu."

Mikono ya wageni ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kushikilia bilauri juu. "Wanasema nini?" Mholanzi aliuliza.

Tekle alijipangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Anashukuru kwa chakula."

"Maneno mengi hivyo kwa asante?"

"Lugha yetu ni ndefu," alisema Tekle. "Kunyweni."

Wakanywa. Jumber alimaliza pembe yake mpaka tone la mwisho, akaketi, na kwa muda mrefu hakumpa mtu mwingine neno.

Kurudi, jua lilikuwa limeegemea milima. Lamara alikaa pale pale nyuma. Hakuna aliyemwambia ahamie mbele. Alitoa simu, akampigia mtoto wa kiume wa yule bibi kizee wa Thesaloniki, akaanza kumweleza kwa Kigiriki, kwa upole, halafu kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu yule wa upande wa pili alikuwa ameanza kupiga kelele.

"Anagombana na nani yule?" aliuliza Gela, ambaye habari za mezani hazikumfikia jikoni.

Tekle hakujua Kigiriki hata neno. "Anaacha kazi," alisema.

Hakugeuka nyuma. Alikaa ameelekea barabara, nywele amezikusanya juu na kuzibana kwa kalamu. Lamara alikata simu, akaitazama ile shingo. Ilikuwa shingo ya mwanamke, yenye alama ndogo chini ya sikio ambayo hakuwa ameijua. Kibasi kilipokuwa kikikata kona, kivuli na mwanga vikiipitia kwa zamu, aliendelea kuitazama, akitafuta mahali ilipoishia ile ya mtoto aliyemwacha.