Mkate wa Glikera

Siku walipomkamata dada yangu Glikera, kanisa zima hapa Smirna tulimwombea tumesimama, mikono juu, mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini gerezani mtu halishwi na serikali. Anakula anacholetewa na watu wake. Na katika watu arobaini waliolia asubuhi ile, hakuna aliyeuliza nani atampelekea maji.

Nami nilikuwamo. Sijifichi.

Desturi yetu, siku ya Bwana mkate ukishamegwa, shemasi huwapelekea vipande wale walioshindwa kuja. Shemasi wetu Menofilo alikuwa na ulimi mtamu. Akisoma nyaraka za mitume, wanawake tulilowesha shela zetu. Siku ile alikifunga kipande cha Glikera kwenye kitambaa, akakiweka mezani, akabaki anakitazama.

"Askari wanawashika hata wanaowatembelea wafungwa," alisema. "Tusubiri wiki ijayo, mambo yapoe."

"Mi-mi-mimi nitakwenda," alisema Zosimo.

Watu wakaguna. Zosimo alikuwa mshona viatu, kigugumizi, ananuka ngozi mbichi mpaka kwenye ndevu. Tulipochagua mashemasi mtu mmoja alimtaja, tukacheka, na mimi ndiye niliyechekesha. "Huyu akianza Baba Yetu leo," nilisema, "tutaitikia amina kesho kutwa." Utani ule ulinipa sifa mwezi mzima.

Menofilo alimpa kile kitambaa upesi upesi. Nikamfuata Zosimo mlangoni.

"Kaka, mwambie dada naumwa."

"U-unaumwa?"

"Naogopa."

"Ha-hata mimi," akasema, akaenda zake.

Tangu hapo alikwenda kila siku, siku kumi na tisa. Mimi nilioka, yeye alibeba. Nilijiambia tumegawana kazi. Uongo mtupu! Kwenye tanuri langu hakukuwa na askari.

Siku ya ishirini hakutokea. Nikaenda kibandani kwake, nikamkuta chini kwenye mkeka, ile homa ya gerezani imempanda, midomo imepasuka. Hata salamu hakunipa.

"Mkate u-uko wapi?"

"Ninao hapa."

"Sa-sasa umekaa unanitazama nini?"

Nilitaka kumwosha uso kwanza. Akausukuma mkono wangu, akageukia ukutani. Basi nikatoka, nikashika njia ya gerezani.

Mlinzi wa gereza alikuwa mzee mwenye jicho moja, anamenya kitunguu.

"We mama, unataka nini?"

"Nimemletea Glikera chakula. Yule mtia rangi sufu."

"Na yule bwana wa mi-mi-mi yuko wapi leo?"

"Mgonjwa."

Akaweka kisu chini. "Glikera wamempeleka uwanjani alfajiri, kutupwa kwa wanyama wakali. Umechelewa." Hakusema kwa ubaya. "Kila siku alikuwa anauliza, mdogo wangu kaja? Na yule bwana anajikamua weee, yu-yupo hapo nje, askari wamemzuia. Tukawa tunacheka, maana hapa nje hajasimama mtu hata siku moja. Ila mwenyewe aliamini. Anapiga kelele kupitia dirishani: Ammia, asante, nimekula, nenda nyumbani upumzike!"

Mtu ambaye neno moja lilimtoa jasho alikuwa ametafuta maneno ya kunifichia aibu siku zote zile. Na dada yangu alikuwa amekufa akinishukuru.

"Wewe ni nani wake?" mlinzi aliuliza.

Swali hilo ndilo lililonifungia ndani siku kumi na tisa. Na sasa kulijibu hakungemfaa Glikera chochote.

"Ndiye mimi huyo mdogo wake," nikasema. "Na ni Mkristo kama yeye."

Akautazama mkate kwa lile jicho lake moja.

"Na huo utaufanyia nini?"

"Humo ndani kuna asiyeletewa chakula?"

"Wamejaa," alisema, akainuka kuondoa komeo.