Uyoga wa Chini ya Misonobari

Sekela alikula uyoga Jumatatu saa sita mchana, akaanza kutapika saa nne usiku. Tabita, tabibu wa kituo cha afya, aliandika saa hizo mbili kwenye kadi na kuzipigia mstari. Chakula kilichochacha hutapisha mapema. Saa kumi zilikuwa nyingi mno.

Jumatano asubuhi Sekela alikuwa ameketi kitandani, anakunywa uji. Kutapika kulikuwa kumekoma, na maji ya dripu yalikuwa yamemrudishia nguvu. Mumewe Jairo, fundi cherehani wa ushirika wa kijiji, aliegemeza baiskeli ukutani akaingia na khanga safi mkononi.

"Dada tabibu, tunashukuru. Namchukua mgonjwa wangu."

"Bado."

"Bado nini? Mwangalie! Ananitukana tangu nimeingia."

"Kaacha kuku nje na mvua yote hii," alisema Sekela. "Nisimtukane?"

Tabita aliketi ukingoni mwa kitanda, akamgeukia Sekela. "Mama Ruti, uyoga ulikuwaje?"

"Mweupe, una kikombe chini ya shina, kama tunaochuma siku zote. Nao ulikuwa na funza. Wenye sumu, funza hagusi. Mama yangu alinifundisha hivyo."

"Ulichuma wapi?"

"Kwenye misonobari ya kijiji. Miombo ni mbali, nilikuwa nimechoka."

Misonobari hiyo ilipandwa mwaka 1974, wakati kijiji kinaanzishwa. Miche ililetwa kwa lori na udongo wake, na uyoga wa kigeni huweza kusafiri ndani ya udongo huo. Sasa ilikuwa Januari 1982. Mama yake Sekela alijua kila uyoga wa miombo, lakini hakuwahi kuchuma chini ya msonobari.

Chuoni Tabita alisoma ukurasa mmoja tu kuhusu uyoga unaoua kwa mpangilio huu: saa nyingi za kimya, kutapika, siku moja ya nafuu, kisha ini kuharibika. Mambo matatu ya kwanza yalikuwa yamekwishatokea. Ukurasa ule ulieleza sumu inakamata nini ndani ya seli, ila haukueleza nafuu inatoka wapi, na swali hilo lilikuwa halijamtoka kichwani tangu alipoona saa zile mbili kwenye kadi.

"Nipe nusu saa," alimwambia Jairo. "Nitachukua damu yake na yako. Yake ikiganda kama yako, mpeleke nyumbani."

"Yangu ya nini? Mimi uyoga sili."

"Ndiyo maana naitaka."

Aliweka damu katika tyubu mbili za kioo, akampa kila mmoja yake aishike kiganjani ipate joto la mwili. Walizitazama kwa zamu, wakiziinamisha taratibu. Dakika ya nane damu ya Jairo ilishika, haikusogea hata tyubu ilipopinduliwa. Dakika ya ishirini, ile ya Sekela ilikuwa inatiririka. Dakika ya thelathini ilitiririka bado.

"Kama chai," alisema Sekela, na mzaha ukamwisha.

"Kinachogandisha damu ni protini," alisema Tabita, "na protini hizo nyingi hutengenezwa na ini. Maelekezo ya kila protini yameandikwa kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli, na DNA haitoki humo. Wewe fundi, karatasi zako za kukatia nguo unaweka wapi?"

"Sandukuni, kwa kufuli. Nawakatia wenzangu nakala kwa mifuko ya saruji. Nikiwapa zenyewe watazichana."

"Nakala ya seli inaitwa RNA. Inatoka kwenye kiini, inasomwa na ribosomu, herufi tatu tatu. Kila tatu zinataja asidi amino moja. Zikiungwa kwa mfuatano huo, ndiyo protini. Sumu hii haigusi DNA wala ribosomu. Inakamata kimeng'enya kinachonakili."

Jairo alifikiri. "Ukinishika mkono leo nisikate nakala, wenzangu wataendelea kushona kwa zile walizonazo. Mpaka zichanike."

"Halafu?"

"Halafu kuna mashati rafuni. Mteja hatajua kitu mpaka rafu iishe."

Tabita alimtazama. Hilo la rafu hakuwa amelifikiria. Protini zilizotengenezwa kabla ya Jumatatu zilikuwa bado zinafanya kazi, na nafuu ya Sekela ilitokana na hizo. Damu ndiyo iliyokuwa imeanza kuonyesha rafu tupu.

"Sanduku lenyewe liko zima?" aliuliza Jairo.

"Zima."

"Basi mkono ukiachiwa, kazi inaanza."

"Kama mafundi hawajafa wote. Seli isiyopata protini mpya hufa."

"Mnaongea kama sipo," alisema Sekela. "Nitakufa?"

"Sijui. Ukienda nyumbani, nadhani utakufa. Ukibaki, tutajua baada ya siku nne tano."

Jairo alikunja khanga akaiweka chini ya mto.

Alhamisi macho ya Sekela yalikuwa ya manjano na fizi zilitoka damu. Gari la kupeleka wagonjwa Mbeya halikuwa na matairi. Tabita alimpa glukosi na penisilini kwa dozi kubwa, kama vitabu vya wakati ule vilivyoshauri. Damu ya Jairo ilipatana na yake, akaongezewa chupa moja siku hiyo na nyingine Ijumaa.

"Mashati niliyoshona mimi," Jairo alimnong'oneza mkewe.

Baada ya hapo chupa za kutolea damu ziliisha. Protini za Jairo hazingedumu siku nyingi, kwa hiyo tyubu ingeonyesha kazi ya ini la Sekela mwenyewe. Jumamosi damu haikuganda. Jumapili iliganda dakika ya ishirini na mbili. Jumanne Sekela aliomba aishike tyubu mwenyewe. Dakika ya kumi aliipindua juu ya shuka nyeupe kabla Tabita hajamzuia, na hakuna tone lililoanguka.

Alimrudishia Tabita tyubu.

"Dada tabibu. Wale funza mbona hawakufa?"

Tabita alichukua kadi na kalamu. Pengine kimeng'enya cha funza kina umbo ambalo sumu haiwezi kulishika, na kama ni hivyo, tofauti hiyo imeandikwa kwenye DNA yao. Lakini hakuwa na hakika.

"Sijui," alisema, akaliandika swali kwenye kadi ya Sekela, chini ya zile saa mbili.