Akaunti Zilizolala Mchana

Juu ya duka la tambi mjini Xinxiang, Qiaoyun alichunga akaunti ishirini za mchezo mmoja wa mtandaoni. Wahusika wake walikata kuni kwenye skrini kutwa nzima, na bosi Geng akawauzia kuni hizo wachezaji wenye haraka. Kila akaunti ilikuwa na anwani yake ya mtandao, ya kukodi, na ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu halisi, maana sheria ilitaka hivyo. Majina yalitoka kijijini kwao Qiaoyun. Wazee waliyaazimisha kwa chupa ya mafuta ya kupikia.

Wiki hiyo, kila adhuhuri baada ya chakula, akaunti zilikatika.

"Zikikatika tena kesho, fungasha virago," Geng alimwambia.

Fundi Pu akaja. Alibadilisha ruta, akakagua nyaya, akapima anwani moja baada ya nyingine. Zote nzima. Mwishowe akampigia simu bibi mmoja mwenye akaunti.

"Bibi, mbona umekatika?"

"Nilikuwa nimelala, mjukuu wangu. Kwani nyie huko mjini hamlali mchana?"

Pu alianza kukusanya bisibisi zake. "Mtandao hauna neno, dada. Wenye majina wamejipumzisha. Hapo mimi sina dawa."

Akaunti moja tu haikukatika. Ilikuwa ya mama yake Qiaoyun, aliyefariki kabla ya mavuno ya ngano. Wenzake walipolala chini ya miti, yeye alikata kuni peke yake. Qiaoyun alichoka kumtazama. Alichomoa waya, mama akaendelea. Akazima kompyuta, na skrini ikabaki inawaka. Basi akamwandikia.

"Mama, pumzika."

"Nikipumzika utafukuzwa. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Nenda kale."

Ilimuuma. Mama alikuwa amelima maisha yake yote, na hata kaburi halikumpa likizo.

Geng alikuwa amesimama nyuma yake, akisoma. Hakuuliza habari za waya uliokuwa sakafuni. Aliwageukia wafanyakazi wengine waliokuwa chumbani.

"Nani mwingine kafiwa, na hajaripoti kifo?"

Walitazamana kidogo, kisha mikono ikaanza kuinuka. Wazee walio hai wakarudishiwa majina yao, na yale mafuta hawakudaiwa. Tangu siku hiyo hakuna kilichokatika. Fundi Pu hakuitwa tena.

Qiaoyun alibaki na kazi yake. Aliona aibu, ila jina moja lilipopungua, alitoa la marehemu baba yake. Baba alikuwa mwashi, na enzi za uhai wake hata msimu wa mavuno haukumnyima usingizi wa mchana. Watu wa kijiji walimcheka kwa hilo.

Adhuhuri ya kwanza hakulala. Alimkuta mkewe msituni, akachukua shoka, akamuuliza aanzie mti upi.