Kompyuta Iliyorudisha Saa Mara Mbili

Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, 1997, karani Mongina aliwasha kompyuta ya kiwanda cha chai kama kawaida. Kengele yake ndiyo iliyoamuru majani ya chai yatolewe kwenye vitanda vya kunyaushia, yakasagwe, ifikapo saa nne. Yakikawia hapo yanaharibika, na kazi ya wachumaji wa mlima mzima inapotea.

Kompyuta ilitoka Uingereza, zawadi ya wafadhili. Ndani yake kulikuwa na Windows mbili, yaani mifumo miwili ya kuiendesha: moja ya barua, moja ya kengele na mizani. Asubuhi hiyo alifungua ya barua, ikamwarifu kwamba majira ya joto yamekwisha, imerekebisha saa. Akakubali. Alipofungua ya pili, nayo ikamwarifu vilevile. Akakubali tena, kwa adabu.

Baadaye Mzee Johana, msimamizi wa majani, akachungulia mlangoni.

"Mama, hiyo kengele yako imelala?"

"Bado, Mzee. Ni saa mbili tu."

Johana akafungua kiganja. Majani aliyoyafinya yalikuwa yameshikana kama donge, ishara kwamba yamenyauka vya kutosha. "Haya yamechoka kungoja," akasema kwa sauti ya chini, ili vijana waliokuwa nje wasisikie.

Mara ng'ambo ya ua watoto wa shule wakatoka kwa kelele. Mapumziko ya saa nne! Mongina akaduwaa, kisha akaelewa. Windows ya kwanza, kwa desturi ya Uingereza majira ya joto yakiisha, ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Ya pili, bila kujua mwenzake ameshafanya, ikarudisha nyingine.

"Toa majani yote, Mzee!"

"Na meneja?"

"Meneja niachie mimi."

Mashine zikaanza kunguruma. Mongina akaingia Windows zote mbili, kwenye mpangilio wa saa akaondoa London, akaweka Nairobi, ambako saa haihamishwi, na kufuta alama iliyoruhusu kompyuta kujirekebishia saa. Saa yenyewe akaiweka sawa mara moja tu.

Meneja akaja mbio. "Nani ameamuru kabla ya kengele?"

"Mimi," Mongina akajibu, bila kuinamisha macho.

"Sisi wawili," Johana akasema, akimnyooshea meneja konzi ya majani yaliyosagwa, hayajaharibika, yananukia.

Meneja akanusa. Akanusa tena.

"Endeleeni," akasema.